Dole la Mama

— Hili dole ni la nani?

Mshonaji aliitandaza karatasi juu ya meza ya mchumba wake, Katibu wa kituo cha jamii. Nje ya ofisi, ukumbini, wazee walikuwa wakirushiana mpira na kuhesabu kwa sauti.

— Mpenzi, punguza sauti. Wazee wako mazoezini.

— Nimekuuliza, ni la nani?

Katibu aliinama. Alama ya wino ilikuwa imegandamizwa mara mbili, ya pili ikiipanda ya kwanza.

— La mama.

— Mama yupi?

— Mama yako. Mama mkwe wangu.

— Mkwe wako hajawa! Karatasi hii nimeikuta mlangoni, imebandikwa pamoja na tangazo. Eti wakazi sitini na wawili wameridhia kituo kivunjwe, yajengwe maghala. Tingatinga linaingia Jumatatu. Mama yangu aliridhia lini?



Wote wawili waliikumbuka siku yenyewe, wiki tatu nyuma. Kiharusi kilikuwa kimeuua mkono wa kulia wa Mama kwa mwaka mzima. Ni katika ukumbi ule, miongoni mwa wagonjwa wenzake, alipojifunza upya kushika mpira, kisha kikombe, na kutamka maneno matatu: "mwanangu", "chai" na "mkwe". Siku hiyo Katibu alipita na karatasi. "Mahudhurio tu, wazee wangu," alisema. Kidole gumba cha kulia cha Mama kilinyooka chenyewe. Katibu akakishika, kikateleza, akakigandamiza tena. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mshonaji alilia kwa furaha, na jioni hiyohiyo akaikubali posa ya Katibu.

— Uliwaficha wazee ukurasa wa kwanza, ule wa kuridhia.

— Nilifanya kwa ajili yetu. Wameniahidi umeneja wa maghala, na nyumba ya vyumba vitatu. Mama angepata chumba chake.

— Chumba! Nani alikwambia mama anakosa chumba? Anahitaji watu wa kumfanya ainue mkono!

— Ningekueleza baada ya harusi.

— Nikishalivaa gauni nililojishonea mwenyewe, siyo? Mjanja wewe.

— Nipe nafasi nilirekebishe.

— Simu hiyo hapo. Wapigie sasa hivi, nisikie.

Katibu alipiga, akaomba karatasi zirudishwe. Sauti ya mwekezaji, mwenye maghala, ilijaa ofisini:

— Katibu, una haraka gani? Karatasi zimeshapigwa muhuri. Haya, bibi harusi ameipenda nyumba?

Katibu alikata simu.

Mshonaji aliivuta pete. Ilikataa kupita kwenye kifundo, akailowesha kwa mate, akaivua na kuiweka juu ya lile dole.

— Usiniache, tafadhali.

— Sina nguvu hata ya kukutukana.

Ukumbini, Mama alimpokea kwa tabasamu la upande mmoja, akiutazama mlango wa ofisi.

— Mkwe?

— Ana kazi, Mama. Twende nyumbani.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri, ukumbi ulikuwa kifusi. Majirani walikuja kumpa Mama pole, na katika kusimulia, mmoja wao akaropoka habari yote ya madole. Mama alisikiliza hadi mwisho.

Saa kumi ujumbe uliingia katika simu ya Mshonaji: "Ile kazi nimeikataa. Niko mlangoni kwenu. Nifungulie tuzungumze."

Aliandika: "Kituo kikisimama tena, njoo." Akaizima simu. Alisikia viatu vikisitasita barazani, kisha vikiondoka taratibu, naye akauma kitambaa alichokuwa akishona ili asimwite.

Baadaye alichukua mpira, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama.

— Haya, tuhesabu. Moja!

Mpira ulimgonga Mama kifuani, ukabingirika hadi chini ya cherehani.

— Mama, jaribu. Kunja vidole tu, kama ulivyokuwa ukifanya kule.

Mama aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akauinua na kuusukumia chini ya blanketi, akaufunika vizuri.

— Mbaya, alisema.

Lilikuwa neno lake la nne.