Fyuzi ya Matheka

Haya yalimpata rafiki yangu Matheka wa Komarock, na tangu anisimulie, sinywi hata chai kwake. Ana amplifaya anayoipenda kuliko mkewe. Fundi mmoja kule Njiru alimuuzia fyuzi ya kioo, akamwambia, "Buda, toa hiyo ya zamani. Hii inasafisha sauti. Utasikia hadi mwimbaji akimeza mate."

Jumamosi mchana Matheka akafunga mapazia mazito, kama afanyavyo kila anapojaribu kifaa. Akapachika fyuzi, akaweka wimbo wa kwaya anaoujua kuliko zote, uliorekodiwa kanisani marehemu mama yake akiongoza. Sauti ilikuwa safi ajabu. Kila ubeti ulipoisha, alimsikia mama akimeza. Wimbo ukaisha, lakini kumeza kukaendelea, kwa pupa, kama mtu anayebugia mlenda.

Matheka akazima. Bado. Akachomoa waya ukutani, akaitoa fyuzi gizani. Ilikuwa na joto la mdomo. Akaimulika kwa simu: kioo kilikuwa kimejaa mate mazito, yenye povu la manjano.

Spika zikameza tena. Ndani ya kioo, mate yakapungua.