Rada Iliyoona Bahari Tupu

Saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Boti ya doria ilikuwa kusini mwa kisiwa cha Kadavu, nchini Fiji. Mvua ilipiga vioo, mbele hapaonekani. Rada ilionyesha ukingo wa kisiwa na mawimbi.

Hakuna chombo hata kimoja.

Vilimaina Ratuva, wa idara ya siri mjini Suva, alisoma tena ujumbe wa alfajiri. Ulitoka kwa mdogo wake, Josateki, aliyejipenyeza kama mpishi kwenye yoti ya wauza unga.

"Wameshanishuku. Saa sita wakishapakia mzigo, wananitosa baharini."

"Kapteni, rudi magharibi."

"Dada, nimerudi mara tatu," alisema Kapteni Etonia. "Rada haioni hata samaki."

"Rada ni nzima," alisema Corwin Haddle, mhandisi mgeni aliyeifunga wiki iliyopita.

Vilimaina alimtazama. Mtu aliyefunga kitu kipya hukitazama kila mara. Huyu alikuwa akitazama saa yake.

Honi ikalia.

Feri ilitokea ukunguni, kubwa kama ghorofa. Kapteni alizungusha usukani kwa nguvu. Feri ikapita karibu kiasi kwamba abiria walionekana wakitafuna.

Kwenye rada, bahari tupu.

Haddle alipeleka mkono mfukoni. Bastola ya Vilimaina, Glock, ilikuwa imeshatoka.

"Toa polepole."

Ilikuwa simu ya setilaiti. Vilimaina alimfunga pingu kwenye bomba, akamwita fundi wa boti.

Praveen Chandar alipanda akiwa amelowa. "Antena nzima. Nyaya nzima. Kompyuta hailalamiki popote."

"Basi rada inaendeshwa na nani?"

Praveen alifungua kompyuta yake ya mkononi, Toughbook. "Kompyuta ikiwaka, haijui imefungiwa vifaa gani. Bodi yake ya ndani ndiyo inaipa orodha: mahali fulani pana kifaa, jina lake hili, kama hulijui, kichukulie kama hiki kingine. Halafu kiini cha mfumo kinauliza madereva, zile programu za kuendesha vifaa: nani anamjua huyu? Wa kwanza kuitika anakabidhiwa."

"Kama mgeni akifika kijijini," alisema Vilimaina. " Anataja kwao. Kama hapajulikani, anataja kwao mama yake."

"Nyie watu wa Kadavu, mpaka mgeni amalize kujieleza chai imepoa."

"Chapa, acha mdomo."

Praveen alichapa.

"Rada ina majina mawili. La juu silijui. Lakini kuna dereva analijua, na amewekwa wiki iliyopita." Alimtazama Haddle. "Anachora kisiwa na mawimbi. Vyombo anavitupa."

"Mfute."

"Nifute, nizime, niwashe? Dakika ishirini. Na sijui huyu bwana ametega nini kwenye kuwasha."

Saa tano na dakika tano.

"Dereva wa zamani yupo?"

"Yupo, kakaa bure."

"Na jina la pili?"

Praveen alikodoa macho. "Ni lile la zamani! Kaliacha ili mkaguzi aone rada ni ileile."

"Basi mnyang'anye yule, umkabidhi huyu. Bila kuzima."

Haddle alicheka. "Mkikosea, mnapoteza rada yote."

"Kwani sasa hivi ninayo?"

Praveen aliandika mstari mmoja. Rada ikawa nyeusi.

Akaandika wa pili.

Nyeusi bado.

Vilimaina aliomba kimoyomoyo. Bwana, nipe macho tu. Miguu ninayo.

Kioo kikawaka. Feri, nyuma yao. Na maili sita mbele, nukta mbili zimegusana.

"Yoti na wenye mzigo wameshakutana," alisema Praveen kwa sauti ndogo.

"Kapteni!"

"Nimeona."

Injini zikanguruma.

Saa tano na dakika ishirini na saba waliwatokea ukunguni. Risasi moja hewani ilitosha. Wanaume watano walinyoosha mikono kando ya magunia ya plastiki.

Vilimaina aliruka kwenye yoti, moja kwa moja hadi jikoni.

Sufuria inachemka. Mihogo imemenywa nusu. Hakuna mtu.

Akakimbia hadi nyuma ya yoti.

Josateki alikuwa ukingoni, amefungwa mnyororo wa nanga kiunoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Umechelewa," alisema.

"Saa sita bado."

"Hawa hawakungoja saa. Wangemaliza kupakia tu, basi. Siku tisa nimewapikia, wamenilipa ngumi."

"Kwa mapishi yako? Wamekuhurumia."

Alimfungua mnyororo. Redio ikakoroma kwa sauti ya Kapteni.

"Vilimaina, mpishi yupo?"

"Yupo. Mzima."

Alirudisha Glock kiunoni, akageuka kuondoka.

"Dada, unaenda wapi?"

"Kumalizia mihogo," alisema bila kugeuka. "Watu hawajala."