Faili Alizozifuta Apolonia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Apolonia alikaa na ungo akichambua mchele ambao mama yake aliuza sokoni Ifakara. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mawe alitoa, chuya alitoa, ukabaki mchele mweupe. Wateja walimsifu mama, mama akamsifu binti, na tuseme ukweli, sifa hizo zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Apolonia alikuwa kidato cha kwanza, mwanachama wa klabu ya kompyuta. Klabu ilikuwa ikitengeneza tovuti ya kuonyesha kina cha maji mtoni, ili wazazi wa mtaa wa Katindiuka wajue kama ni salama watoto kuvuka. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na Ijumaa saa nane mchana wazazi wangekuja kuiona.

Walitumia programu ya kujengea tovuti. Ukiiagiza ianzishe mradi mpya, inakuwekea yenyewe folda na faili za kuanzia: folda ya kurasa, folda ya picha, folda ya mipangilio, orodha ya vitu ambavyo tovuti inahitaji, na faili nyingine ambazo majina yake yanaanza na nukta.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Apolonia kuweka picha za mto. Alipofungua mradi, aliona uchafu mtupu. Folda hii hakuna mwanaklabu aliyeitengeneza. Faili ile haina hata neno moja la Kiswahili. Basi akachambua kama alivyozoea: kilichoandikwa na wanaklabu kikabaki, kingine chote akakifuta moja kwa moja.

"Sasa pamependeza," alijisemea, akaenda zake nyumbani bila kuijaribu tovuti.

Ijumaa saa sita, Mwalimu Devota, mlezi wa klabu, aliiwasha tovuti. Ikagoma. Skrini ilijaa maandishi mekundu.

"Nani alikuwa wa mwisho kwenye kompyuta hii jana?" aliuliza.

"Mimi, mwalimu," alijibu Ngusa, mwanaklabu mwingine. "Lakini niliizima tu."

"Uliizima tu, na leo haifanyi kazi? Hebu toka nje. Kama utabaki kwenye klabu hii au la, tutaongea baadaye."

Ngusa alitoka. Ndiye aliyepima maji mtoni kila asubuhi kwa fimbo yenye alama, akija shule. Apolonia alimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye ngazi, amejiinamia. Akisema, atafukuzwa yeye. Asiposema, anafukuzwa Ngusa.

Mwalimu alikagua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kuona kosa. Saa saba ikapita. Wazazi wa kwanza wakaanza kuingia getini. Apolonia akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, Ngusa hana kosa," alisema huku akilia. "Ni mimi. Nilifuta zile faili ambazo hatukuziandika sisi. Nilidhani ni uchafu."

Mwalimu Devota aligeuka kutoka kwenye skrini. "Kumbe! Na mimi nahangaika na kurasa, wakati kurasa hazina shida. Kimbia ukamwite Ngusa."

Ngusa alipoingia, mwalimu alimwomba radhi mbele ya wote. Kisha akaanzisha mradi mwingine, mpya kabisa. Folda zilezile zikajitokeza. Apolonia alisoma majina ya zilizopotea, Ngusa akazinakili kwenye mradi wao, na mwalimu akarekebisha mipangilio.

Zilipobaki dakika tano kufika saa nane, ukurasa ulifunguka na kipimo cha Ngusa cha asubuhi hiyo: maji yamefika kifuani, watoto wasivuke.

Mama mmoja alisoma, akainuka haraka. "Jamani, wanangu leo walale kwa shangazi yao!"

Wazazi walipoondoka, Mwalimu Devota alimwita Apolonia. "Zile chuya za nyumbani unazitupa wapi?"

"Nyuma ya jiko, mwalimu."

"Mvua ikinyesha zinakuwaje?"

"Zinaota."

"Umeona? Hazikuwa uchafu. Kitu usichokijua kazi yake, uliza kwanza kabla ya kukitupa. Na ukikosea, sema mapema. Leo mwenzako amekaa nje saa nzima kwa kosa lako."

Apolonia alimgeukia Ngusa. "Nisamehe."

"Yameisha," alisema Ngusa. "Ila Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kupima maji, na fimbo unabeba wewe."