Zumana Akubali Kupimwa

Kijijini kwetu, karibu na Niono nchini Mali, maji ya mfereji ndiyo mpunga, na mpunga ndio maisha. Kwa kazi ya mfereji, Zumana Diara hakuwa na mpinzani. Wengine wakipiga soga ukingoni, yeye yumo ndani, maji kiunoni, anang'oa magugu. Nilimsifu kwa hilo. Leo namsifu zaidi kwa jambo jingine.

Mkewe, Nyeba, alikaa miaka sita bila kushika mimba. Alipimwa mara tatu, na mara tatu aliambiwa hana tatizo. Hata hivyo mama mkwe wake alipeleka kokwa za kola, ishara ya posa, kwa wazazi wa binti mwingine. Baada ya mavuno, Zumana angeoa mke wa pili.

"Nitafunga mizigo yangu mwenyewe," Nyeba alimwambia mumewe. "Sitangoja kuoneshwa mlango."

Siku moja muuguzi wetu, Sitan Traore, alipita mferejini. Kina Traore na kina Diara ni watani. Hutukanana mchana kutwa na hakuna anayenuna.

"We mla kunde!" Sitan aliita. "Mkeo kapimwa mara tatu. Wewe je?"

Wanaume waliangua kicheko.

"Mtumwa wangu, mimi dume!" Zumana alijibu. "Nilianza kukojoa damu nikiwa na miaka kumi. Wazee walisema ndiyo dalili ya kuwa mwanamume."

Sitan hakucheka. "Na siku hizi?"

Zumana alimsogelea, akashusha sauti. "Mara mojamoja. Hata kwenye manii."

"Kesho njoo zahanati. Usipokuja, nitakufuata hapahapa na kikopo cha mkojo!"

Angesema mtu mwingine, pangechimbika. Lakini mtani hakasirikiwi. Zumana alikwenda, na mkojo wake ukapimwa.

"Una kichocho," Sitan alimwambia. "Ni minyoo. Mgonjwa akikojoa mferejini, mayai ya minyoo huanguliwa majini. Vijidudu huingia kwenye konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Mayai ya minyoo hiyo huumiza kibofu. Kwa mwanamume, yanaweza kuumiza hata viungo vya uzazi. Mbegu zikapungua au zikadhoofika."

"Kwa hiyo tatizo ni mimi?"

"Huenda. Hospitali watapima manii. Dawa ya kuua minyoo ipo, nitakupa leo. Ila mtoto siwezi kukuahidi. Na Nyeba hufua mferejini, naye apimwe kichocho. Ugonjwa huu huumiza wanawake pia."

Nyeba hakukutwa na kichocho. Hospitali waligundua kuwa mbegu za Zumana ni chache. Jioni hiyo Zumana alimkuta mama yake uani na majirani.

"Mama, waombe radhi wazazi wa yule binti. Sioi. Mwenye tatizo ni mimi."

"Nyamaza! Watu watasikia!"

"Wasikie. Miaka sita wamemsema Nyeba."

Wakati huo hakujua kama angepata mtoto. Alisema tu kwa sababu ni kweli. Mimi nilikuwepo, na niliona aibu, maana nami nilikuwa nikimsengenya Nyeba.

Kwenye mkutano wa wakulima alirudia maneno hayohayo. Kesho yake wanaume kumi na mmoja tulipanga foleni zahanati, tukiwa na watoto wetu. Tukachimba vyoo karibu na mashamba. Tukakubaliana asiye na kazi majini asiingie, na mwenye kazi avae buti ndefu. Kwa kuwa kichocho hurudi, sote tunapimwa kila mwaka.

Mwaka uliofuata, Nyeba alishika mimba. Asubuhi moja alibeba ndoo kwenda kisimani. Mama mkwe wake akamfuata, akaipokea ile ndoo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Kaa, nitachota mimi."

Nyeba alilia palepale njiani. Katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kumwita mwanangu.