Kibao Namba Kumi na Tisa

Kila siku ya likizo ile ilianza kwa namna moja. Saa moja asubuhi msimamizi wa hosteli, Toktosun, ambaye watoto wote walimwita baike kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, aligonga sufuria kwa mwiko. Watoto thelathini na wawili walishuka kutoka vitanda vya ghorofa wakagombania viatu vilivyokaushwa kando ya jiko la makaa. Walikunywa chai kwa mkate uliopakwa jemu ya aprikoti. Halafu, kabla ya kubeba skii zao, mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwenda mlimani, kila mmoja alisimama mbele ya ubao wa mlangoni akageuza kibao chenye namba yake. Upande mwekundu ulimaanisha yuko nje, na wa kijani ulimaanisha amerudi.

"Kila mtu kibao chake," Toktosun baike alirudia kila asubuhi. "Atakayegusa cha mwenzake atarudishwa kwao kwa basi la kwanza."

Syrga, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa namba kumi na nane. Rafiki yake Zeinep alikuwa kumi na tisa. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Siku ya nne Zeinep alianguka mbele ya watu wote, skii moja huku, nyingine kule.

"Gunia la viazi limepasuka!" wavulana walipiga kelele, na wakaendelea hivyo hadi chakula cha mchana. Saa tisa na nusu, walipoitwa kurudi hosteli, Zeinep alimvuta Syrga kando.

"Napanda mara moja tu, mteremko wa juu. Kesho kwenye mashindano nataka niwafunge midomo."

"Na ubao je?"

"Nigeuzie wewe. Nusu saa tu nitakuwa nimefika. Au na wewe unaniona gunia?"

Syrga alipofika mlangoni alitazama huku na huku, akageuza kumi na nane, kisha kumi na tisa.

Saa kumi viti vya waya vya kupandisha watu mlimani vilisimamishwa. Haukupita muda, theluji ikaanza kuanguka, nzito, hata misonobari ya ng'ambo ya barabara haikuonekana tena. Toktosun baike alipitisha kidole kwenye ubao. "Wote kijani. Vizuri," akasema, akavua koti lake.

Saa kumi na moja tambi za nyama zilipakuliwa. "Zeinep yuko wapi?" aliuliza mwalimu wao Rakhat, ambaye walimwita eje, yaani dada mkubwa.

"Amelala, eje. Kichwa kinamuuma."

"Maskini. Mpelekee chai ya moto."

Syrga alipanda ngazi na kikombe mkononi, akaketi kwenye kitanda kitupu cha rafiki yake. Atatokea sasa hivi, alijiambia. Kila aliposikia hatua ngazini moyo ulimruka, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Alifikiria basi la kwanza, na uso wa baba yake akimwona anashuka peke yake. Chai ilipoa. Alifungua dirisha aimwage, ionekane imenywewa, na upepo ukampiga usoni kama kofi. Alishuka ngazi mbio.

"Baike, Zeinep hajarudi. Mimi ndiye niliyegeuza kibao chake."

Hakuna aliyemgombeza. Toktosun baike alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano.

"Mteremko gani?"

"Wa juu."

Tayari alikuwa anavaa viatu.

Watu sita walipanda na taa. Watoto walisubiri chumba cha kulia, na hakuna aliyetaja viazi. Saa mbili kasorobo walirudi wakikokota kitanda cha kubebea wagonjwa. Walikuwa wamemkuta Zeinep chini ya msonobari, mguu umevunjika, amekivua kiatu kwa sababu ya maumivu. Syrga aliuona ule mguu. Ulikuwa mweupe kama nta.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu huo. Daktari alimwambia Rakhat eje, wala hakushusha sauti, "Mngemleta saa moja mapema, huenda ningeviokoa."

Mama yake Zeinep alifika siku iliyofuata. Toktosun baike alimsindikiza Syrga hadi mlango wa wodi.

"Nimwambie nini, baike?"

"Yote. Na ile chai."

Zeinep alikuwa amelala, na Syrga alimwambia mama yake yote. Mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ulikaa saa nzima?"

"Saa nzima, eje."

Mama aligeukia dirishani. Syrga alitoka wodini akalia, na Toktosun baike akaketi naye kwenye benchi.

"Sikulaumu peke yako," alisema. "Mimi niliamini ubao badala ya kuhesabu vichwa, na hilo nitalijibu mimi. Ungenyamaza hadi asubuhi, tungemkuta maiti. Ulisema, na ndiyo maana yu hai. Lakini ile saa moja ni yako, na siwezi kukuondolea. Uliogopa kurudishwa nyumbani, ukasahau kwamba kuna mtu anayeganda. Uongo wa kumfurahisha rafiki ulizaa mwingine wa kujificha, na yeye ndiye aliyelipa. Ukikosea tena, maana utakosea, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka."

Mlango wa wodi ulifunguka. Mama alisimama pale, macho mekundu.

"Anakuita," alimwambia Syrga. "Ingia. Ongea naye taratibu, bado ana maumivu."