Sifuri Kwenye Safu ya Wanaostaafu

"Koleo, mlengwa anapanda ngazi. Ghorofa ya sita." Sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni. "Mawaziri wanakaa saa nne kamili. Una dakika tisa."

"Nimekupata."

Koleo alipanda ngazi mbili mbili, bastola ya Glock kiunoni.

Alishawakimbiza wauza silaha na watorosha madini. Hakuna aliyemtia kichefuchefu kama huyu Mshauri wa kigeni.

Mkobani mwa Mshauri mlikuwa na makadirio ya mahitaji ya wafanyakazi nchini kwa miaka ishirini, sekta kwa sekta. Ya kughushi. Yalidai mafundi umeme wametosha, tena tele. Mawaziri wakiyapitisha, vyuo vya umeme vinafungwa. Kisha kampuni ya Mshauri inaleta mafundi wake, kwa masharti yake, na mtu aliye gizani hana ubavu wa kubisha.

Alimkuta mlangoni mwa ukumbi, akijipulizia manukato.

Mtutu uligusa mbavu.

"Chooni. Taratibu."

Ndani, Koleo alichomoa ripoti mkobani, akaifungua kwenye ukurasa wa mafundi umeme.

"Hesabu ni safi, dada," Mshauri alisema. "Wachumi wenu wameikagua."

"Usiniite dada. Soma hapa. Wanaostaafu: sifuri. Miaka ishirini, hakuna fundi hata mmoja atakayezeeka?"

Mshauri alikuwa ameijaza sifuri safu hiyo ili jumla ya mahitaji ishuke, akasahau kwamba watu huchoka.

"Kosa la uchapaji."

"Baba yangu ana miaka hamsini na tisa. Anapanda nguzo na magoti yake mabovu kwa sababu hana wa kumwachia kazi. Sifuri yako ndiye yeye."

Alimfunga pingu kwenye bomba la sinki. Alitamani kumtemea mate, akaona ni kuyapoteza bure. Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili.

Saa nne kasoro dakika moja, alichomoa makadirio halisi, yenye idadi ya wanaostaafu, kutoka chini ya fulana yake ya kuzuia risasi, akamkabidhi katibu wa kikao.

"Mkuu, njoo uzoe takataka. Choo cha wanaume."

"Na vyuo?"

"Vinabaki."

Barabarani alipiga simu nyingine.

"Baba, chuo hakifungwi. Vijana watakuja."

"Lini?"

"Kozi ni miaka mitatu."

Upepo ulivuma simuni. Mzee alikuwa juu ya nguzo.

"Haya, mama. Ngoja nimalizie waya huu."

Koleo alivaa miwani ya jua, akaondoka bila kugeuka nyuma.