Kuni Zilizohama

Asubuhi ya kwanza Preben alidhani ni utundu wa watoto wa jirani. Kuni alizozipanga ukuta wa kushoto wa banda zilikuwa zimehamia wa kulia, zimepangwa vizuri kuliko alivyopanga yeye. Akazirudisha huku akitukana. Kesho yake zimehama tena, na banda zima linanuka sufu iliyoungua.

Kwetu Jutland, lundo la moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana hukaa wiki nzima likingoja. Siku yenyewe lazima lihamishwe lote kabla ya kuwashwa, maana kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa miiba, hujificha humo. Mwaka huu kazi hiyo alipewa Preben.

"Umehamisha?" tulimuuliza.

"Nimemaliza tangu saa nane, mgongo wenyewe sina!"

Mwongo mkubwa! Alikuwa kalala. Tukawasha, tukaimba na bia mkononi, Mungu atusamehe. Tangu jioni ile mzee Holger, baba mkwe wake, aliyekuwa ameanza kupotewa na akili, hakuonekana tena, yeye wala sweta lake la sufu.

Majivu aliyazoa Preben. Akakuta bizimu ya mkanda wa mzee, akakuta na mengine, akavitupa vyote baharini. Kisha akarudi kumsaidia mkewe, Vibeke, kubandika picha za baba yake kwenye nguzo za barabarani.

Wiki ya pili baada ya moto ule, kuni za bandani zikaanza kuhama mchana kweupe, ta, ta, ta, yeye yuko mezani na kahawa yake, na kila akitoka kuchungulia hakuna mtu, ila harufu ile ile, na kuni za moto utadhani zimetolewa jikoni, na lundo lenyewe limeshatoka bandani, limevuka bustani, limefika mlango wa nyuma.

"Unasikia?" Vibeke alinong'ona.

"Panya hao."

"Panya gani wanapanga kuni? Nitazame, Preben. Lile lundo ulilihamisha?"

Preben akasukuma kikombe kando. "Sikulihamisha. Alikuwa amelala humo, Vibeke. Nilimkuta kwenye majivu."

Vibeke alisimama. Alivaa koti, akachukua funguo, akaenda kuufungua mlango wa nyuma wazi kabisa.

"Baba," aliita taratibu, "ingia ndani, usikae nje. Mimi naondoka, lakini mkweo yupo."

Akasogea pembeni, akangoja kidogo mtu apite. Kisha akatoka, akaufunga mlango kwa nje.